Bashi Mucele

Pale soko la Kashikishi, kwenye meza za chisense na makayabu, kuna watu ambao hawajui jina langu. Wananiita Bashi Mucele. Kwa Kibemba maana yake ni baba wa chumvi. Leo ni utani, nami naitika. Lakini jina hilo lilianza kama tusi, mwezi wa Machi 2025, na nataka kueleza lilivyoanza, kwa sababu wengi wetu hapa Mantapala tunatoka kwenda kutafuta vibarua mjini. Yaliyonipata mimi yanaweza kumpata mwenzangu kesho.

Nilipata kazi Agosti 2024 kwenye nyumba ndogo ya wageni, kando ya Ziwa Mweru. Mwenye nyumba ni mama mjane, nilimwita Ba Mayo kama wote. Kazi ilikuwa kufagia, kumwagilia maua na kutunza pisini, yaani bwawa la kuogelea. Ukiuliza bwawa la nini wakati ziwa liko pale mbele ya macho, jibu ni mamba na kichocho. Wageni kutoka Mansa na Lusaka wanapenda kuliangalia ziwa, lakini kuogelea wanataka kwenye maji wanayoona chini yake.

Bwawa lenyewe si kubwa. Urefu mita 8, upana mita 4, kina mita moja na nusu kwa wastani. Piga hesabu: lita 48,000. Nilipoanza lilikuwa limetoka kupakwa rangi, tukalijaza upya kwa maji ya kisima, tukatia magunia matatu ya chumvi, kila gunia kilo 50. Ba Mayo alifikiri nitashangaa kuona chumvi ikimwagwa kwenye bwawa. Sikushangaa. Kazi ya chumvi na umeme niliifahamu toka nyumbani.

Nyumbani kwangu ni upande wa Moba, kando ya Tanganyika. Huko kipindupindu si mgeni. Kalemie, Uvira, Goma, miji yote ya kando ya maziwa yetu inakijua, na wazee wanakumbuka Goma ya mwaka 1994, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi walivyokufa katika majuma machache. Mimi nilifanya kazi ya kujitolea kwenye kituo cha wagonjwa wa kuharisha, kitengo cha klorini. Tulikuwa na kifaa kidogo cha umeme wa sola. Unatia gramu 25 za chumvi kwa kila lita ya maji, unazamisha kifaa, povu dogo dogo linapanda, na baada ya saa kadhaa una lita yenye klorini karibu gramu 6. Hiyo tuliipima, tukaipunguza nguvu kwa maji: asilimia 0.05 ya kunawa mikono, kali zaidi ya sakafu. Kila chupa iliandikwa kwenye daftari: tarehe, chumvi, saa, nguvu. Daftari ndilo lililotutofautisha na wachawi, mkubwa wetu alikuwa akisema.

Mashine ya pisini ni ndugu mkubwa wa kile kifaa. Tofauti ni kwamba chumvi haitiwi kwenye ndoo, inakaa ndani ya bwawa lote, gramu 3 mpaka 4 kwa lita. Pampu inavuta maji, yanapita kwenye filta ya mchanga, halafu yanapita ndani ya bomba fupi lenye vibao vya chuma kinachoitwa titani. Bomba hilo ndilo linaloitwa seli. Vibao vimepakwa ngozi nyembamba ya madini ya bei kali, kama rutheni. Umeme wa volti ndogo ukipita kati ya vibao, chumvi na maji vinageuka klorini, na gesi ya hidrojeni inatoka kama mapovu. Klorini ikimaliza kazi ya kuua vijidudu inarudi kuwa chumvi. Kwa hiyo chumvi haiishi kwa kutumika. Sikiliza vizuri hapo, ndugu msomaji, maana ndipo palipokuwa na kesi yangu.

Novemba, taa nyekundu ikawaka kwenye kisanduku cha ukutani. Taa hiyo maana yake: chumvi kidogo. Nikamwambia Ba Mayo, akanipa pesa, nikanunua gunia la nne. Baada ya siku mbili taa ikazimika. Mwisho wa Januari ikawaka tena. Gunia la tano. Ikazimika. Wiki ya kwanza ya Machi ikawaka tena, gunia la sita, na safari hii ikazimika siku nne tu.

Katikati ya hayo maji yaligeuka kijani mara mbili. Mwanzoni nilisingizia umeme. Ule ulikuwa mwaka wa ukame, Kariba imepungua maji, na nchi nzima ilikaa gizani saa nyingi kila siku. Pampu isipozunguka, seli haifanyi kazi, na jua la Luapula linakula klorini yote kabla ya saa tisa. Basi nilikuwa natia klorini ya unga kwa mkono siku za giza, na niliamini umeme ukirudi vizuri mambo yatatengemaa. Umeme ulirudi kiasi. Mambo hayakutengemaa.

Sasa kumbuka Machi ni mwezi gani hapa. Tarehe 1 Machi ndiyo wavuvi wanarudi ziwani baada ya miezi mitatu ya kufungiwa. Samaki wanaingia sokoni kwa wingi, wachuuzi wa Kongo wanavuka, na kila mtu anayekausha makayabu anataka chumvi. Gunia la chumvi Machi ni pesa.

Mpwa wa Ba Mayo, kijana anayeshika hesabu za nyumba, akaunganisha mambo. Magunia sita yamenunuliwa. Mashine inasema chumvi kidogo. Mtunza bwawa ni mkimbizi, na kila Ijumaa anapitia sokoni kabla ya kupanda gari la kurudi kambini. Akaniuliza mbele ya wapishi na mlinzi:

"Bwana, ile chumvi unauza kwa nani?"

Siku ya pili yake mama mmoja sokoni akaniita kwa sauti, "Bashi Mucele!" na wenzake wakacheka. Ndipo nilipojua neno limefika.

Ba Mayo hakunifukuza. Aliniita verandani, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, polepole: "Papa, mimi sitaki kelele. Niambie tu. Chumvi iko wapi?"

"Iko mu mayi, Mama."

"Mashine inasema haiko."

Nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na jibu. Nilijua sikuiba. Lakini kujua kwangu kungemsaidia nani? Kibali changu cha kutoka kambini kina tarehe ya mwisho, na kila nikienda kuomba kingine, barua ya mwenye kazi ndiyo inayosema. Mtu aliyefukuzwa kwa wizi anapata barua gani? Nyumbani nina watoto wanne na mama yangu. Nikamwomba Ba Mayo siku tatu.

Siku ya kwanza nilianza na mambo mepesi, kama tulivyofundishwa kule Moba: usimlaumu mgonjwa kabla hujatazama kitanda. Nilizima umeme kwanza. Nikatazama waya: hakuna ulioungua, hakuna kutu kwenye plagi ya seli, fyuzi nzima. Kuna kiswichi kidogo kinachohisi kama maji yanapita. Kikikwama, mashine inakataa kufanya kazi, na ni vizuri ikatae, kwa sababu seli ikiwaka bila maji kupita, hidrojeni inajikusanya ndani ya bomba, na hiyo ni hatari ya kulipuka. Kiswichi kilikuwa salama. Nikafungua seli nikaitazama kwenye mwanga. Sikuona magamba meupe ya chokaa yanayoziba vibao. Ila niliona jambo jingine: vibao vingine vilikuwa vyeusi-kijivu kama vilivyotakiwa kuwa, na vingine viling'aa mabaka mabaka, kama sufuria iliyosuguliwa. Sikuelewa bado.

Siku ya pili nikaenda kwa fundi wa sola sokoni, nikamwomba mita yake ya kubana waya. Alikuja mwenyewe, kwa sababu mita ni mkate wake, haazimi mtu. Kibandiko cha mashine kilisema ampea 6. Mita ilisoma 1.4. Volti zilikuwa zinafika kwenye seli, lakini mkondo haupiti.

Hapo nikaomba kitabu cha mashine. Kilikuwa kabatini kwa Ba Mayo, kwa Kiingereza, hakuna aliyewahi kukifungua. Nilikaa nacho usiku na kamusi ya simu. Ukurasa mmoja ulinieleza yote. Mashine haionji chumvi. Haina ulimi. Inapima umeme unaopita kati ya vibao, halafu inakisia: umeme ukipita mwingi, inasema chumvi ipo, ukipita kidogo, inasema chumvi haipo. Ile ngozi ya madini ikichakaa, umeme unapita kidogo hata kama bwawa ni bahari, na mashine itaendelea kusema chumvi kidogo, chumvi kidogo. Ukiongeza gunia, maji yanapitisha umeme vizuri zaidi, taa inazimika kwa muda, nawe unafikiri umeitibu. Kila gunia tulilotia lilikuwa linaficha ugonjwa.

Mpwa naye alikuwa amepima namna hiyo hiyo. Aliona mkimbizi, aliona magunia, akakisia.

Lakini Ba Mayo hangekula ukurasa wa kitabu. Alitaka kuona chumvi. Siku ya tatu nikawasha mbabula mbili nyuma ya jiko. Nikachota lita 10 za bwawa, mbele ya mpwa, yeye mwenyewe akapima kwa jagi la lita. Nikachota pia lita 10 za ziwa, kwa sufuria nyingine. Tukachemsha. Makala yote nililipa mimi. Lita 10 kukauka ni kazi ya kutwa. Tuliongeza kidogo kidogo, na mwishoni nilipunguza moto ili isiruke nje. Wapishi walikuja kuangalia, mlinzi akaleta kiti. Jioni sufuria ya ziwa ilikuwa na utando mwembamba tu, kama vumbi. Sufuria ya bwawa ilikuwa nyeupe chini yote.

Mama mmoja jirani anaoka maandazi na ana mizani ndogo ya gramu. Tulikwangua, tukapima: gramu 52. Ba Mayo alichovya kidole, akaonja, akakunja uso.

Gramu 52 kwa lita 10 ni gramu 5.2 kwa lita. Zidisha kwa lita 48,000: kilo 250 hivi. Bwawa halikupungukiwa chumvi, lilikuwa na chumvi kupita kiasi.

Mpwa si mjinga. Alipiga hesabu yake kwenye simu akasema: "Magunia sita ni kilo 300. Kilo 50 ziko wapi? Hilo ni gunia moja kamili."

Watu wote wakanitazama. Nikaenda kuleta daftari.

Toka Agosti nilikuwa naandika, kwa mazoea ya zamani tu, hakuna aliyeniagiza. Kila Jumatatu nilikuwa naosha filta kwa kurudisha maji nyuma, na maji hayo yanatoka nje kwenye mfereji. Nilikuwa nimepima mara moja kwa pipa: lita 250 hivi. Daftari lilikuwa na Jumatatu 30. Hizo ni lita 7,500. Kwa gramu 4 kwa lita, kilo 30 zimetoka kwa mfereji. Zimebaki kilo 20. Bwawa lina eneo la mita za mraba 32, na masika yote lilikuwa linafurika. Kilo 20 zinatoka na lita 4,500 hivi za maji, nayo ni kama sentimita 14 za mvua iliyofurika. Mvua ya kwetu hapa hata mtoto anajua ni zaidi ya hiyo. Mpwa alipitia tarehe moja moja. Alifunga daftari, akasema, "Sawa," akaondoka.

Ba Mayo akasema: "Kumbe mashine ndiyo mwizi."

Ningeweza kuishia hapo, na hadithi ingekuwa nzuri kwangu. Lakini usiku ule sikulala. Kwenye kitabu cha mashine kulikuwa na ukurasa mwingine, juu ya kusafisha seli. Kilisema: safisha ukiona magamba tu, kwa asidi iliyopunguzwa sana, dakika chache, mapovu yakiisha toa, kwa sababu asidi inakula ile ngozi ya vibao. Na mimi? Kila Jumamosi, magamba yawepo yasiwepo, nilikuwa naizamisha seli kwenye asidi, kali, nusu saa. Nilitaka ing'ae. Kule Moba tulikuwa tunasafisha kifaa chetu kwa siki, polepole, na hata hapo ni kikiwa na weupe tu. Hapa nilipata asidi ya dukani, nikaona siki ni ya maskini. Yale mabaka yanayong'aa kama sufuria iliyosuguliwa, mengine ni kazi ya mkono wangu. Na Jumamosi zote hizo zilikuwa kwenye daftari lile lile. Mpwa alizipita kwa sababu hakujua maana yake.

Asubuhi nilimwambia Ba Mayo. Nilimwonyesha ukurasa wa kitabu na kurasa za daftari. Alikaa kimya muda mrefu, akitazama ziwa.

"Ungeweza kunyamaza, Papa."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini hukunyamaza?"

Nikamwambia ukweli: daftari haliwezi kuwa shahidi kwa Jumatatu na kuwa bubu kwa Jumamosi.

Aliyemuuzia mashine alimwambia kwa simu kwamba seli ilikuwa mwaka wa nne, na kwa kawaida hudumu miaka mitatu mpaka mitano, kwa hiyo isingekwenda mbali sana hata ikitunzwa. Pamoja na hayo Ba Mayo alinikata mshahara wa wiki mbili. Sikulalamika. Bei ya seli mpya ilikuwa karibu mshahara wangu wa miezi mitano, na yeye aliilipa.

Seli ilitoka Lusaka kwa basi, kupitia Mansa, siku kumi na mbili. Kabla haijafika nilikuwa na kazi. Seli nzima ikikutana na chumvi nyingi inapitisha umeme kupita kiasi, mashine inajizima. Ilibidi kuishusha chumvi toka gramu 5.2 mpaka 3.5, yaani kutoa theluthi moja ya maji. Kwanza niliacha klorini iishe kwa jua siku kadhaa. Halafu nilishusha maji sentimita 50, nikiyapeleka taratibu kwenye barabara ya kokoto, mbali na mihogo ya jirani na mbali na ziwa, maana maji ya chumvi yanaua shamba. Tukajaza kwa kisima.

Sanduku lilipofika stendi, aliyekwenda kulichukua ni mpwa. Hakuwahi kuniomba radhi, ila alilibeba begani mpaka kwenye pampu na akabaki kunishikia tochi. Nilihakikisha namba ya seli inalingana na ya kisanduku, plagi ni ile ile. Umeme ulizimwa, valvu zikafungwa. Mshale wa seli ulifuata maji yanakokwenda. Mipira ya duara niliipaka grisi ya silikoni kidogo, nikakaza kwa mkono tu bila spana. Tukafungua maji, tukatazama kama kuna tone. Hakuna. Ndipo umeme. Kupitia ile plastiki ya kuonea ndani tuliona mapovu yakipanda kwenye vibao vyote, sawasawa. Fundi wa sola alikuja na mita: ampea 5.8. Jioni matone ya kupimia yaligeuka njano.

Siku hizi seli naitazama mara moja kwa mwezi. Ikiwa haina weupe, nairudisha ilivyo. Ikiwa nao, siki. Na kabla ya kununua gunia lolote tunachemsha maji kwanza. Mpwa ndiye anayepima gramu, nami naandika. Barua ya kibali changu Ba Mayo aliiandika kwa mkono wake mwezi wa Mei.

Ijumaa iliyopita nilipitia sokoni kama kawaida. Yule mama wa makayabu aliniona toka mbali.

"Bashi Mucele! Gunia leo bei gani?"

"Ya kwangu iko mu mayi, mama," nikamwambia, na tukacheka wote wawili. Halafu nikanunua chisense kwake, akaniongezea mkono mmoja.